Bei ya Chandalua na Gharama ya Uchunguzi

Mara nyingi tumesikia, katika mabaraza ya makarani na hata katika mikutano ya Chama chetu, neno hili likisemwa: "Fedha za uchunguzi ni fedha za kula posho tu." Wasemao hivyo wamewaona mabwana wakifika vijijini kwa motokaa, wakiuliza watu maswali mengi, wakitoboa vidole vya watoto na kutia damu katika vichupa, kisha wakaenda zao, na mwaka uliofuata zahanati ya kijiji ilikuwa ingali haina dawa. Hatuwalaumu wenzetu kwa neno hilo, maana sisi wenyewe tulikuwa tukilisema. Lakini tumefikiri tena, na leo twapenda kueleza kwa nini tumebadili shauri letu, na kwa nini twaona kwamba jambo hili latuhusu sisi watumishi wa Serikali kuliko watu wengi wengine.

Na tuanze na kitu kilichomo nyumbani mwa karibu kila mmoja wetu, yaani chandalua. Machoni ni kitu duni: nyuzi tu zilizofumwa zikaacha matundu madogo. Mama mjamzito aendapo kliniki mara ya kwanza hupewa kimoja, akakikunja na kukitia katika mkoba wake, wala haulizi kimetoka wapi. Aulize nini? Chandalua kimejulikana pwani yetu tangu zamani za mababu. Lakini chandalua cha zamani kilizuia usumbufu wa mbu tu, na kikitoboka hakikuzuia hata huo. Swali lililokuwa halijajibiwa ni hili: je, chandalua kikitiwa dawa ya kuua mbu, watoto watakufa wachache kuliko kwanza?

Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa kukisia, wala kwa kuketi chumbani. Lilitaka hesabu. Katika nchi ya Gambia matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1991, nayo yalikuwa mazuri hata watu wengine wakatia shaka. Basi katika wilaya ya Kilifi, Kenya, kuanzia mwaka 1993 hata 1995, vijiji vingine vilipewa vyandalua vyenye dawa na vingine vikangoja. Na watu wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika kila mtoto aliyezaliwa na kila mtoto aliyekufa. Mwisho wa hesabu ilionekana kwamba penye vyandalua vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja. Tazameni, ndugu zetu, kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa ya daftari na kalamu, ya kuandika jina la mtu bila kulikosea, na ya kutochoka. Sisi makarani twaijua kazi hiyo, na tungalipaswa kuwa wa mwisho kuidharau.

Hata hivyo jibu moja huzaa swali jingine. Ilijulikana kwamba chandalua chenye dawa huokoa. Haikujulikana bado kama mkulima maskini atakipata na kukitumia pasipo mabwana wa uchunguzi kukaa kando yake. Kwa hiyo, tangu mwaka 1997, watu wa kituo cha Ifakara waliijaribu habari hii katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Hawakuanza kwa kuuza. Walianza kwa kuwauliza wenyeji: mwapenda chandalua cha namna gani, na bei gani mwaweza kuilipa? Ndipo vyandalua vikauzwa madukani kwa bei iliyopunguzwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001, nayo yalionyesha kwamba watoto waliolala ndani ya vyandalua vyenye dawa walizidi kuokoka kwa kadiri ya asilimia 27. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2004, Serikali yetu ilianza kuwapa wajawazito Hati Punguzo, ili wanunue chandalua kwa bei ndogo.

Lakini uchunguzi huo ulifunua na kasoro. Dawa ile ilitoka kwa kufuliwa, na ilibidi chandalua kichovywe tena kila baada ya miezi michache. Watu wengi hawakurudia kuchovya. Mmoja alisahau, mwingine hakuwa na fedha, wa tatu alikuwa shambani. Kasoro hiyo ndiyo iliyowafanya mafundi watafute uzi wenye dawa ndani yake, ambao waweza kufuliwa mara nyingi na nguvu yake isipotee upesi. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kule Arusha kilianza kufanya vyandalua vya namna hiyo, baada ya kampuni ya Sumitomo ya Japani kukipa ufundi wake bila kudai malipo ya haki ya ufundi huo. Kiwanda hicho kikaja kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Basi uchunguzi uliookoa watoto ulileta na mshahara.

Je, hapo ndipo habari ilipokwisha? La. Mbu naye ana akili yake, na katika mahali pengi dawa ile ya kwanza haimuui tena kama zamani. Wachunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kule Mwanza, wakiongozwa na Dakta Jacklin Mosha, pamoja na wenzao wa Moshi na London, walijaribu aina nne za vyandalua katika wilaya ya Misungwi. Mwaka 2022 walitangaza kwamba, baada ya miaka miwili, penye vyandalua vya namna ya zamani karibu watoto 46 katika kila 100 walikuwa na vijidudu vya malaria, na penye vyandalua vyenye dawa mbili, moja yao ya namna mpya, walikuwa karibu 26. Tofauti ya watoto 20 katika kila 100 si jambo dogo. Na kama hesabu ile isingalifanywa, tungaliendelea kununua vyandalua vya zamani kwa mamilioni, tukadhani tumefanya akiba.

Haya, sasa tuulize swali ambalo karani yeyote huliuliza akipewa hati ya malipo: nani amelipa? Kazi ya Kilombero ililipiwa kwa sehemu kubwa na Uswisi, na ile ya Misungwi na Uingereza. Hatusemi haya kwa kukosa shukrani; aliyetusaidia kuzika watoto wachache astahili heshima yetu. Lakini wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Serikali mpya ya Marekani iliamuru misaada yake ya nchi za ng'ambo isimamishwe, na mwezi wa Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa. Kazi nyingi za uchunguzi katika Afrika zilisimama ghafula, nyingine katikati ya hesabu, na hesabu iliyokatwa katikati haina faida kwa mtu. Waliokata walitumia haki yao, maana fedha zilikuwa zao. Kosa halikuwa lao peke yao. Sehemu yake ni yetu tuliojenga nyumba juu ya kiwanja cha kupanga.

Tena mwenye kulipa ndiye achaguaye swali. Kwa hiyo yafaa mwenye ugonjwa awe na sauti tangu mwanzo, hasa katika jambo la bei. Mfano mmoja mzuri twaujua. Miaka ya 1996 na 1997 homa ya uti wa mgongo iliua watu wapatao 25,000 katika nchi za ukanda wa chini ya Sahara. Mwaka 2001 ilipoanzishwa kazi ya kutafuta chanjo, fedha zilitoka Marekani kwa mfuko wa Bill na Melinda Gates, lakini wakuu wa afya wa Afrika waliulizwa kwanza, nao wakasema wazi kwamba chanjo ikizidi nusu dola hawataweza kuinunua. Bei ikawekwa kabla ya dawa kufanywa. Kiwanda cha Serum Institute kule Pune, Uhindi, kilikubali sharti hilo, na mwezi wa Desemba mwaka 2010 watu wa Burkina Faso walianza kuchanjwa. Tangu hapo chanjo hiyo imewafikia mamia ya mamilioni ya watu, na kipukusi cha namna ile kimetoweka.

Viongozi wa Afrika hawakukosa kuyaona haya. Walipokutana Lagos mwaka 1980 walikubaliana kutenga asilimia moja ya pato la nchi kwa sayansi na uchunguzi. Mwaka 2006 kule Khartoum ahadi hiyo hiyo ikasemwa tena. Ahadi inayosemwa mara mbili ni dalili kwamba mara ya kwanza haikutimizwa, na hata leo nchi nyingi hazijaifikia.

Kwa nini? Sisi tuketio penye meza za hesabu twajua sababu yake. Katikati ya mwaka, fedha zipungukapo, hutafutwa fungu la kukatwa. Fungu la mishahara haligusiki, na la mafuta ya motokaa lina wenyewe. La uchunguzi halina mtu wa kulililia. Mgonjwa aliye mlangoni pa hospitali huonekana na kilio chake husikika. Lakini mtoto ambaye hakuugua, kwa kuwa miaka kumi iliyopita mtu alihesabu mbu, hana kilio, wala hajui kwamba aliokolewa. Kalamu ikatayo fungu hilo ni ya mkubwa, lakini karatasi yake twaiandika sisi.

Wengine watasema, "Tununue dawa kwanza, uchunguzi baadaye." Neno hilo lina huruma ndani yake, nasi twaliheshimu. Lakini anunuaye bila kuchunguza huweza kununua chandalua ambacho mbu hakiogopi. Wengine watasema fedha hizo huliwa. Zikiliwa, mlaji na ashitakiwe. Hatufungi shule kwa kuwa mwalimu mmoja aliiba chaki.

Basi twaleta mashauri matatu mbele ya Chama. La kwanza, Chama kiandike kwa Serikali, kwa adabu, kuomba kwamba fedha za uchunguzi wa magonjwa ziwe na fungu lake peke yake, lisilohamishwa katikati ya mwaka pasipo sababu kuandikwa. La pili, kila wachunguzi wamalizapo kazi katika wilaya, warudishe habari kwa watu waliotobolewa vidole, kwa lugha wanayoijua. Maana mtu hulinda akijuacho. La tatu, kila mwanachama atoe shilingi elfu moja kwa mwezi, tumsomeshe walau kijana mmoja katika elimu ya kufanya dawa au kuchunguza maradhi. Twajua kwamba fedha hizo hazitoshi hata kwa pembe moja ya chumba cha uchunguzi. Lakini hatuwezi kuidai Serikali itoe kwa mkono wake na sisi tukaificha mikono yetu mifukoni.

Mambo haya twaomba yaingizwe katika shughuli za mkutano mkuu ujao. Na yule atakayeyapinga asimame ayapinge waziwazi, tumsikie. Jambo moja tu tusilifanye, nalo ni kuyaacha yalale katika faili.