Tuwatunze Wataalamu Wetu

Nchi inayotaka maendeleo yahitaji nishati, na nishati yahitaji watu wenye elimu ya kuipata na kuitumia. Ushahidi wa jambo hili tunauona katika kazi ya Profesa Sossina Haile, aliyezaliwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1966, na ambaye sasa anafundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani.

Kazi yake kubwa ni juu ya seli za fueli. Chombo hiki hakichomi mafuta kama jenereta. Haidrojeni huingia upande mmoja, na oksijeni ya hewani upande wa pili. Kichocheo, ambacho aghalabu ni platini, huivunja haidrojeni. Elektroni zake hupita katika waya zikawa umeme, na protoni hupenya katika tabaka la kati liitwalo elektroliti. Zikutanapo tena pamoja na oksijeni, kinachotoka ni maji.

Kikwazo kimekuwa tabaka hilo la kati. Seli zenye utando wa plastiki hutaka unyevu daima, kwa hiyo joto lake kwa kawaida halifiki nyuzi 100, na katika joto dogo namna hiyo huhitaji platini nyingi na haidrojeni safi. Seli za kauri nazo hutaka joto la mamia ya nyuzi, na vifaa vya kustahimili joto hilo ni ghali.

Profesa Haile aliitafuta njia ya kati na kati. Mwaka 2001, akiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya California, yeye na wenzake walionyesha kwamba asidi yabisi, yaani chumvi ya seziamu yenye salfa, yaweza kupitisha protoni hali ni kavu, kwenye nyuzi 160 hivi. Lakini chumvi ile haikudumu, kwani haidrojeni iliiharibu. Hawakukata tamaa. Mwaka 2004 walitumia chumvi yenye fosfati, wakaihifadhi kwa mvuke isipoteze maji yake, na seli ikafanya kazi vizuri kwenye nyuzi karibu 250. Mwaka 2010, pamoja na watafiti wa Uswisi, walitumia joto la jua lililokusanywa na oksidi ya siriamu kutoa haidrojeni katika maji. Sehemu ya nguvu ya jua iliyogeuka fueli ilikuwa chini ya asilimia 1, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Hatusemi kwamba kazi imekwisha. Platini bado ni ghali, na chumvi hizo huyeyuka zikiguswa na maji. Tena seli ya fueli haizalishi nishati kutoka hewani. Haidrojeni lazima itengenezwe kwanza, na kuitengeneza kunagharimu.

Lakini lipo jambo jingine ambalo hatuna budi kulitafakari. Baba yake, marehemu Getatchew Haile, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa maandiko ya Kigeez. Mwaka 1975 askari walimpiga risasi, akapooza, na aila yake ikahamia Marekani. Kwa hiyo elimu ya baba na ya binti imestawi katika nchi ya watu. Mtutu wa bunduki ulimlenga mtu mmoja, na taifa likapoteza wataalamu wawili.

Sisi wa visiwani twaijua gharama ya kutegemea nishati itokayo mbali. Umeme wa kutoka bara ulipokatika Disemba 2009, Unguja ilikaa bila ya umeme huo hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, wenye uwezo wakawasha majenereta, na wanyonge wakabeba ndoo.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wa Serikali waziwazi. Atakapokuja mfanyabiashara na mitambo ya haidrojeni, aulizwe: fueli itatoka wapi na kwa bei gani? Kichocheo kitadumu miaka mingapi? Kikichoka, nani atakibadilisha? Maswali hayo hayawezi kuulizwa sawasawa, wala majibu yake kupimwa, ila na vijana wetu waliosoma kemia kwa mikono yao, si kwa kukariri ubaoni tu. Skuli zipatiwe maabara zenye dawa na vifaa. Mabinti wahimizwe kusoma sayansi. Na mtaalamu anayerudi kutoka masomoni apewe kazi inayolingana na elimu yake, na asikilizwe hata asemapo lisilopendeza.

Mtambo ukinunuliwa huchakaa. Mtaalamu akitunzwa hufundisha wengine. Serikali inapopanga bajeti yake, tunaitaka ikumbuke tofauti hiyo.