Freni ya mkono ikilegea, jiwe halitoshi



Juma hili tunajibu swali la kikundi kinachopeleka mihogo na ndizi sokoni. Wanasema: «Pikapu yetu ikisimama kwenye mteremko, shofere anavuta freni ya mkono mpaka juu, lakini gari linasogea polepole. Tukimuuliza, anajibu kwamba si kitu, jiwe lipo. Tufanye nini?»

Swali hili ni letu sote. Bukavu na Butembo ni miji ya milima, na mahali tambarare pa kuegesha gari ni pachache. Mara nyingi, mama anaposhuka kupakua mizigo, mtoto anabaki amelala ndani ya gari, na wengine wanapita nyuma yake wakienda shule. Gari lenye mzigo likianza kushuka peke yake, hakuna mkono wa mtu utakaolizuia.

Kwanza tuelewe namna inavyofanya kazi. Freni ya mguu inasukuma mafuta ya freni mpaka kwenye magurudumu yote manne. Freni ya mkono ni tofauti: inavuta kamba ya chuma, na katika pikapu nyingi kamba hiyo inabana magurudumu mawili ya nyuma tu. Ndani ya kila gurudumu la nyuma kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna vibati viwili vilivyopinda, vinavyoitwa viatu vya freni. Kamba ikivutwa, viatu vinapanuka na kuishika ngoma. Kwa hiyo shofere akiwaambia kwamba freni ni nzuri, muulizeni: ni ya mguu ama ya mkono? Ya mguu inaweza kuwa nzima na ya mkono imekwisha.

Msidanganyike na taa nyekundu mbele ya shofere. Inaonyesha kwamba mkono umevutwa. Haipimi kama gari limeshikwa.

Kuna njia rahisi ya kupima. Gari liwe tupu, kwenye mteremko mdogo, na mbele na nyuma pasiwe na mtu. Shofere abaki kwenye kiti chake, akanyage freni ya mguu, avute ya mkono, kisha aondoe mguu polepole. Gari likisogea, akanyage tena mara moja. Jibu mmelipata. Gari lisiloshikwa likiwa tupu, je, likiwa na magunia?

Wakati wa kuvuta, hesabuni milio: ka, ka, ka. Kila aina ya gari ina hesabu yake, basi andikeni kwenye daftari la kikundi hesabu ya siku lilipotoka kutengenezwa. Ikiongezeka mwezi kwa mwezi, freni inalegea.

Sababu ni nini? Ya kwanza ni viatu kulika. Vikipungua unene vinakuwa mbali na ngoma, na mkono unapanda juu sana bila kushika. Ya pili ni kamba iliyolegea, iliyoota kutu ama iliyoanza kukatika nyuzi. Ya tatu ni mafuta yaliyovuja ndani ya gurudumu na kulowesha viatu: hapo hata mkivuta kwa nguvu, vinateleza. Matope na vumbi la barabara zetu navyo vinaharibu. Kuna pia sababu inayotoka kwa shofere mwenyewe: kuondoka akiwa hajashusha mkono. Mkisikia harufu ya kuungua nyuma, ama gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, simameni muangalie.

Mkifika garaji, msikubali fundi akaze kamba tu na kuwarudishia gari. Mkono utakuwa mgumu siku chache, kisha mtarudi palepale na franga zimekwisha. Mwambieni afungue ngoma zote mbili za nyuma, na mmoja wenu awepo aone. Viatu vilivyokwisha vibadilishwe upande wa kushoto na wa kulia pamoja. Vilivyolowa mafuta visifutwe tu kwa kitambaa: mahali panapovuja patengenezwe kwanza. Kisha viatu vikaribishwe kwenye ngoma, na kamba ikazwe mwisho. Mkishapakia tena, pimeni kabla ya kumlipa.

Kabla ya matengenezo, gari lisiegeshwe mlimani. Ikilazimika, shofere azime injini na kuacha vitesi ndani: ya kwanza gari likiangalia juu, ya kurudi nyuma likiangalia chini. Magurudumu ya mbele yageuzwe ili gari likisogea liegemee ukingo wa mlima, lisielekee bondeni. Watu wote washuke kabla ya mizigo, na watoto wawe wa kwanza.

Na jiwe? Ni msaada, lakini halichukui nafasi ya freni. Kipande cha mti kilichochongwa kama kabari kinakaa vizuri zaidi kuliko jiwe la mviringo. Awekaye ni mtu mzima, akisimama kando ya gurudumu, wakati shofere bado amekanyaga freni. Kamwe tusimtume mtoto. Tunamwona mdogo, mwepesi wa kuingia chini, lakini ndiye ambaye shofere hamwoni kwenye kioo. Tukiondoka, tuliokote jiwe letu: likibaki barabarani litamwangusha mwenye pikipiki usiku.

Shofere anajua kuendesha, lakini gari ni la kikundi, na watoto ni wetu. Katika mkutano ujao, mwekahazina aweke pembeni pesa za viatu vya freni kabla ya pesa za rangi na viti. Na gari lisipande mlima na magunia mpaka lipimwe likiwa tupu.

Mwalimu wenu