Kabla ya Kumwita Mvivu, Mtazameni Macho



Ndugu wasomaji, wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika madrasa iliyo chini ya kamati yetu yumo binti wa miaka 13 ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akisinzia katika darasa la baina ya Maghrib na Isha. Ustadhi alimkemea, nasi katika kikao tuliliandika jina lake miongoni mwa wanafunzi wavivu. Bibi yake alisadiki kuwa amepatwa na shetani, kwani alimkuta akibandua udongo wa ukuta wa jiko na kuula. Aliyetuzindua ni mama mmoja wa msikiti wetu, mkunga mstaafu. Alimwita binti barazani mchana, akauvuta taratibu ukope wake wa chini, kisha akatuambia: "Mtoto huyu hana damu." Kipimo kilithibitisha maneno yake.

Familia hiyo haina njaa. Inaishi mlimani, katika kihamba chenye migomba iliyostawi, na chungu chake hakikosi ndizi. Hapo ndipo tulipojifunza kuwa kushiba ni jambo moja, na mwili kupata haki yake ni jambo jingine. Ndizi hutia nguvu, lakini madini ya chuma yaliyomo ni machache. Anayekula ndizi kila siku bila nyama, maharage wala mboga, kisha akashushia kwa chai, tumbo lake hujaa ilhali damu yake inapungua.

Dalili za upungufu wa damu hazijifichi kwa mwenye kutazama. Upande wa ndani wa ukope wa chini, viganja na ulimi hupauka. Mtu huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo, kichwa humwuma na huhisi kizunguzungu. Wengine hutamani udongo, mchele mbichi au barafu. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, watoto wadogo, na mabinti waliokwisha kubalehe. Kwa mjamzito, hemoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita moja huhesabiwa kuwa ni upungufu wa damu. Kwa hiyo asikose kliniki, wala asiviache vidonge vya madini ya chuma anavyopewa huko.

Tiba ya mezani haihitaji mali nyingi. Dagaa na maharage ya soko la Mbuyuni, mnafu na mchicha wa kando ya nyumba, na nyama kila inapopatikana, vyote vina madini hayo. Kipande cha chungwa, papai au maji ya ndimu pamoja na chakula huusaidia mwili kuyapokea, ilhali chai na kahawa huyazuia. Basi chai, na hata kahawa ya mlima wetu, na isubiri walau saa moja baada ya chakula.

Dalili ya pili huonekana mlangoni mwa msikiti. Mtoto anayepapasa ndara zake wakati wa Maghrib, au anayejikwaa giza linapoanza kuingia ilhali mchana anaona vizuri, huenda amepungukiwa na vitamini A. Macho yakikauka, au yakiota mabaka meupe mfano wa povu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani upofu unaweza kufuata. Mayai, maini, karoti, maboga, maembe na mboga za majani zilizotiwa mafuta kidogo humkinga. Aidha, watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Juni na Desemba. Tusiwakoseshe.

Ya tatu ni uvimbe wa mbele ya shingo, yaani rovu. Mvua za karne nyingi huosha madini joto kutoka katika udongo wa milimani, na mazao yake huyakosa. Mama mjamzito akipungukiwa nayo sana, mimba yaweza kuharibika au akili ya mtoto ikadumaa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 nchi yetu imeagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Tununue chumvi hiyo, tuihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na tuitie chakula kinapokaribia kuiva.

Hata hivyo, dalili ni mwito wa kwenda kupimwa, si ruhusa ya kujitibu kwa kukisia. Kope hupauka pia kwa malaria, minyoo na siko seli, na vidonge vya chuma vikizidi hudhuru. Mtoto mdogo akivimeza kama peremende vyaweza kumuua. Wala dua haipingani na kipimo, kwani Mtume (s.a.w.) aliomba dua na akatuamrisha kujitibu.

Akina baba, tuna swali moja la kujiuliza. Nyama inapopatikana nyumbani, ni nani hupakuliwa kwanza, na ni nani hubakiwa na mchuzi? Aghalabu mke anayenyonyesha na binti aliyebalehe, wenye kuihitaji zaidi, ndio wa mwisho. Mlo wao ni haki iliyo juu yetu, na tutaulizwa juu ya tuliowachunga.

Binti yetu alipewa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo, na mlo wa nyumbani ukarekebishwa. Siku hizi, alhamdulillah, ndiye anayewaamsha wenzake wanaosinzia. Jina lake tumelifuta katika orodha ile, na tumemwomba radhi mbele ya bibi yake.

Wabillahi tawfiiq.