Stima Inapopotea Melini

Hapa Rongo stima ikipotea jioni tumezoea. Mashine ya kusaga unga hunyamaza, kinyozi huacha kichwa cha mteja nusu, na mama hupapasa akitafuta kiberiti. Kila kitu husimama pale kilipokuwa. Je, umewahi kujiuliza inakuwaje stima ikipotea ndani ya meli? Meli haisimami.

Meli kubwa husukumwa na injini ya dizeli, lakini injini hiyo hutegemea pampu za umeme za kuipelekea mafuta na maji ya kuipoza. Usukani nao hugeuzwa kwa mitambo ya umeme. Jenereta zikizimika, mara nyingi injini nayo hujizima, na dubwana lile la chuma huendelea kwenda bila breki wala wa kuliongoza.

Katika bahari pana huenda yakawa mateso tu. Februari 27, 2012, moto ulizuka penye jenereta za Costa Allegra, meli ya watalii iliyokuwa ikitoka Madagaska kwenda Shelisheli. Watu zaidi ya 1,000 walivumilia joto siku tatu, wengine wakilala nje sitahani, huku meli ya wavuvi ya Ufaransa ikiwakokota hadi Mahé. Hebu fikiria, wavuvi wa jodari wakivuta hoteli nzima!

Karibu na nchi kavu ni mambo mengine. Usiku wa Machi 26, 2024, meli ya makontena Dali, yenye urefu wa mita 300 hivi, ilikuwa ikiondoka Baltimore, Marekani. Dakika nne tu kabla ya kulifikia daraja la Francis Scott Key, taa zilizimika. Zikarudi. Zikazimika tena. Nanga iliteremshwa, lakini wapi! Meli iligonga nguzo, daraja likaporomoka. Mwaka 2025 wachunguzi walieleza kwamba giza la kwanza lilitokana na waya mmoja uliolegea: kibandiko chake kiliuzuia kuingia sawasawa mahali pake. Waya mmoja, msomaji, kati ya maelfu.

Rubani aliwahi kutoa habari kwa redio, na polisi wakazuia magari yasipande darajani. Lakini juu kulikuwa na watu wanane kazini, wakiziba mashimo ya barabara. Wao hawakuambiwa kwa wakati. Sita walikufa.