Koo Lapuuzwa, Moyo Walipa

Hapa Chanzuru, kijana wa miaka 25 akilalamika kwamba moyo wake unamwenda mbio, unaruka, unasita kisha unaanza tena, hupewa majibu matatu. La kwanza ni la wazee wenzangu: karogwa. La pili ni la vijana wenzake: mawazo hayo, au mapenzi. La tatu ni la wale wanaojiona wamesoma: ugonjwa wa moyo ni wa wazee na wa matajiri wenye vitambi, kijana ataupata wapi? Nimeyasikia majibu haya kwa miaka mingi, misibani, vilabuni na hata katika ofisi za walimu. Napenda kusema bila kuficha kwamba yote matatu yanaua.

Nianze kwa kuwatendea haki ninaobishana nao. Si kila moyo unaoruka ni mgonjwa. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na pigo moja moja kuruka hutokea hata kwa watu wenye afya njema. Hofu huuharakisha, homa vilevile. Mwanamke aliyepungukiwa damu kwa malaria, kwa safura au kwa uzazi wa karibu karibu, moyo wake hukimbia kwa sababu damu kidogo inalazimishwa kufanya kazi ya damu nyingi. Tezi ya shingo ikizidisha kazi yake, moyo hukosa utulivu. Pombe nyingi, mirungi, na vile vinywaji vya kopo vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu, navyo vimo. Wako pia wanaozaliwa na kasoro katika msuli wa moyo bila kujua. Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kamerun, alianguka uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003 na kufariki. Alikuwa na miaka 28. Hakuwa mzee, wala hakuwa na kitambi.

Lakini katika nchi zetu iko sababu moja kubwa ambayo inawaharibu vijana wetu mioyo, na ambayo ingeweza kuzuiwa kabisa. Nayo haianzii moyoni. Inaanzia kooni.

Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano hupata maumivu ya koo yanayoletwa na kijidudu kiitwacho streptokoka. Anaumwa siku chache, anapona, anarudi kucheza. Wiki mbili tatu baadaye anapata homa, magoti yanavimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Kinga ya mwili, iliyojiandaa kupigana na kijidudu, inageuka na kushambulia mwili wenyewe, na sehemu inayoumia zaidi ni valvu, yaani milango ya moyo. Viungo vya mwili hupona bila kilema. Milango ya moyo haiponi. Kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu.

Mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto ukisinyaa, damu hurundikana juu. Chumba kile hutanuka mwaka hadi mwaka, hata kinashindwa kupiga kwa mpango. Kinabaki kutetemeka tu. Hapo ndipo kijana anaposema moyo unaruka. Damu nayo, kama maji katika mfereji wa shamba uliozibwa na takataka, inatuama na kuganda. Bonge likichomoka likaenda kwenye ubongo, kijana anapata kiharusi, na majirani wanapata ushahidi mpya wa uchawi.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 2010 na 2012, madaktari wakiongozwa na hayati Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini waliandikisha wagonjwa 3,343 wa maradhi haya katika nchi 14, wakiwemo wa jirani zetu Kenya na Uganda. Nusu yao hawakuwa wamepita miaka 28. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Ndani ya miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Sasa nani atasimama mbele yangu aseme kwamba huu ni ugonjwa wa wazee?

Nirudi kwa wazee wenzangu. Ubaya wa jibu la uchawi si kwamba ni la uongo tu. Ubaya wake ni kwamba linakula muda. Maumivu yanapohama kutoka goti hadi kifundo, huku kwetu husemwa kwamba jini linatembea mwilini. Kumbe kuhamahama huko ndiko hasa anakokutafuta daktari. Ni alama ya homa ya rumatiki. Yaani dalili ambayo ingempeleka mtoto hospitali ndiyo inayompeleka kwa mganga! Na wale wanaomkata mtoto kimeo kila anapoumwa koo, nawauliza: kijidudu kimekatwa? Kilichokatwa ni nyama isiyo na hatia, na mtoto ameongezewa kidonda na hatari ya kutokwa damu nyingi.

Walimu wenzangu nao wasijifiche. Nilipokuwa mwalimu mkuu, alikuwapo msichana aliyechechemea leo mguu huu, wiki ijayo mguu ule. Mwalimu mmoja alimwita mvivu, mwingine alisema anaigiza ili akwepe shamba la shule. Nilimwandikia barua mzazi wake, naye alimpeleka mtoto zahanati. Huko alipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa sindano hazipo, arudi mwezi ujao. Mwezi ujao magoti yalikuwa yamepona, na nani hupoteza siku ya palizi kumpeleka zahanati mtoto aliyepona? Alipofika miaka 23, akiwa na mimba ya pili, moyo ulianza kuruka na pumzi kukatika. Tulimzika kabla ya mavuno. Pale makaburini nilisikia watu wakimtaja mke mwenzake kwa kunong'ona. Hakuna aliyetaja koo, hakuna aliyetaja sindano.

Sindano yenyewe ni ya penisilini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1928. Aina yake iitwayo benzathini huchomwa mara moja kwa koo lenye streptokoka. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili shambulio lisirudi. Nchini Uganda watoto 818 ambao milango ya mioyo yao ilikuwa imeanza kuguswa bila wao kujua walifuatiliwa kwa miaka miwili. Kati ya waliochomwa sindano, ugonjwa ulizidi kwa watatu tu. Kati ya wasiochomwa ulizidi kwa 33. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Na Cuba, nchi isiyo tajiri, ilionyesha njia mapema zaidi: katika mkoa wa Pinar del Río, kati ya 1986 na 1996, waliwafundisha wananchi, walimu na waganga wa vituo, wakaandikisha wagonjwa na kuwachoma sindano bila kukosa. Homa ya rumatiki ikapungua kwa kiasi kikubwa sana.

Sisi tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu 2015, na madaktari wake wanapasua mioyo ambayo zamani ilipelekwa India. Najivunia jambo hilo. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na upasuaji ndio ukuta. Mtu wa Chanzuru mpaka afike Dar es Salaam ameuza mbuzi, ameuza mpunga, pengine ameuza na shamba. Zahanati ikikosa sindano ya bei ndogo leo, taifa litagharimia valvu ya bandia kesho. Mwaka 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, na mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maazimio na sheria tunayo. Mimi nitayapima kwa kitu kimoja: je, chupa ya benzathini ipo kwenye kabati la zahanati, au haipo?

Najua nitaambiwa kwamba makoo mengi huumwa kwa mafua tu, na kwamba tukimwaga dawa ovyo vijidudu vitazizoea. Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi mtu akajinunulie. Koo lenye kikohozi na makamasi kwa kawaida ni la mafua. Koo lenye homa, mafindofindo yaliyovimba yenye usaha na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi, hilo lipelekwe kwa mganga aliyesomea, naye aulize kwanza kama mtoto hudhuriwa na penisilini. Kumwaga dawa ovyo ni kule kununua dukani vidonge vinne vya rangi mbili, kumeza viwili na kumpa jirani viwili. Hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa kugawana.

Kwa wale ambao moyo umekwisha kuharibika, nako kuna la kufanya. Wapimwe umeme wa moyo na kipimo cha mawimbi ya sauti. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio hupewa warfarini ili damu isigande. Ni dawa ya zamani, lakini utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hii iliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Inataka damu ipimwe mara kwa mara, na mwanamke anayetarajia kubeba mimba lazima azungumze na daktari mapema, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Basi vipimo hivyo visogezwe wilayani.

Na kwa kila mzazi na kila mwalimu nina somo dogo lisilohitaji fedha. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono wa kijana wako, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakija kama hatua za mtu mwenye haraka, subiri atulie, hesabu tena. Yakija ovyo, marefu kwa mafupi, bila mpango, usiite mganga wa ramli, usicheke, usiseme ni mapenzi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.