Kisu hakikati hasira

Na Zuhura Mbwana

Kondakta akisema "bonge, lipia siti mbili", daladala nzima hucheka, na anayetaniwa naye hucheka. Anacheka kwa sababu akikasirika ataambiwa mnene hana utani. Hasira hiyo anaimeza, anashuka nayo kituoni, na usiku watoto wakishalala anakwenda nayo jikoni.

Nayasema haya kwa sababu tangu hospitali ya Mloganzila ianze huduma za kupunguza uzito, gumzo letu limekuwa la kilo na shilingi: fulani kapungua ngapi, kalipa ngapi. Kuhusu moyo wa anayepanda kitanda cha upasuaji, kimya.

Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi duniani siku hizi huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Unapunguza ghrelini, homoni ya njaa, na kwa mwenye kisukari au presha faida yake ni kubwa. Siupingi hata kidogo. Lakini anayekula kwa sababu ametukanwa hakuwa na njaa tangu mwanzo.

Si kila mnene ana hasira na pupa. Wapo watulivu kunishinda mimi, na wembamba wenye hasira za nyigu. Pupa inayowasumbua madaktari huonekana zaidi kwa wale wanaokula mfululizo bila kuweza kujizuia, hali ambayo wataalamu wa akili wa Marekani waliitambua rasmi kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Na mara nyingi pupa hiyo huamka moyo ukichafuka. Mtu huyohuyo ofisini ana subira ya kupigiwa mfano.

Mlango wa chakula ukibanwa, hasira hutafuta mwingine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, uliofuatilia karibu wagonjwa 2,000, ulionyesha tatizo la pombe likipanda kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Sehemu ya sababu ni ya mwili, maana aliyefanyiwa aina ya upasuaji inayochepusha njia ya chakula hulewa haraka zaidi. Huko Ontario, Kanada, utafiti wa mwaka 2016 ulikuta dharura za kujidhuru zimeongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji, ingawa zilibaki chache.

Kuna pupa nyingine tusiyoitaja: ya kutaka kukatwa. Mtu anatukanwa harusini Jumamosi, Jumatatu yuko kliniki anaulizia bei. Puto linalowekwa tumboni kupunguza uzito hutolewa, mfuko wa chakula uliokatwa haurudishwi. Daktari anayempa tarehe siku hiyohiyo bila kumuuliza kilichomleta amefanya biashara, si tiba.

Lakini msinielewe vibaya. Swali hilo lisigeuzwe geti la kuwafungia watu nje. Mtu aliyedhihakiwa tangu darasa la kwanza ana haki ya kukasirika, na ana haki ya kutibiwa. Kinachotakiwa ni mwanasaikolojia ndani ya timu: akutane na mgonjwa kabla ya upasuaji, amfuatilie walau miaka miwili baadaye, kipindi ambacho sifa za "umependeza" zimeisha na maisha yamerudi palepale.

Na malipo ya mwanasaikolojia huyo yaingizwe kwenye bei ya upasuaji tangu mwanzo. Yakiachwa yawe bili ya pembeni, hakuna atakayerudi kumwona.