AHADI NI DENI

Mwaka 2026 ndio wa 250 tangu viongozi wa makoloni 13 ya Waingereza katika Amerika ya Kaskazini walipotangaza mbele ya ulimwengu, mjini Philadelphia, tarehe 4 Julai, 1776, kwamba wamejitoa katika utawala wa Mfalme George wa Tatu. Katika tangazo lao walisema kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba Muumba amewapa haki ambazo hapana mwenye mamlaka ya kuwanyang'anya. Neno hilo lilivuka bahari. Mataifa mengi yaliyopigania uhuru baada yao yalilikumbuka. Nasi pia, Azimio la Arusha la 1967 lilipotaja imani za Chama, la kwanza lilikuwa hilo hilo, kwamba binadamu wote ni sawa. Kwa hiyo habari za wazee wale wa Marekani si za watu wa mbali tusiowahusu. Walitamka neno tulilolitamka sisi, na wakati ukawauliza kama walilikusudia.

Tuanze na lililo jema, maana anayeficha sifa ya mtu hana haki ya kumlaumu. George Washington aliongoza jeshi la wapigania uhuru tangu 1775 hadi 1783. Vita vilipokwisha alikuwa na askari nyuma yake na jina kubwa mbele yake, na historia imejaa majemadari ambao kwa vitu hivyo viwili walijitwalia nchi. Yeye, tarehe 23 Desemba, 1783, alikwenda mjini Annapolis, akasimama mbele ya Kongresi, akairudisha hati ya ujemadari aliyokabidhiwa, akaenda zake shambani. Mwaka 1789 akawa Rais wa kwanza. Baada ya vipindi viwili vya miaka minne aliwaaga wananchi wake, ingawa siku zile Katiba haikumkataza kuomba cha tatu. Sisi twaijua thamani ya tendo hilo. Neno kung'atuka lilienea katika vinywa vya Watanzania Mwalimu Nyerere alipouacha urais kwa hiari yake mwaka 1985, na aliyeona siku zile hahitaji kufundishwa kwamba cheo ni dhamana.

John Adams aliyemfuata Washington alikuwa na mtihani mgumu zaidi, maana yeye alishindwa. Katika uchaguzi wa 1800, uliokuwa na matusi mengi, alishindwa na Thomas Jefferson, makamu wake mwenyewe. Tarehe 4 Machi, 1801, kabla ya mapambazuko, Adams aliondoka mjini Washington bila kungoja mshindi aapishwe. Aliondoka na hasira yake, lakini aliondoka. Hapana askari aliyeitwa, wala risasi iliyopigwa. Hayo ni mambo makubwa, na viongozi wa nchi yo yote wangefanya vyema kuyaiga.

Lakini ahadi ni deni, na lililo kubwa kuliko yote wazee wale hawakulilipa.

Jefferson, aliyeliandika tangazo lile la uhuru, alikuwa kijana wa miaka 33 kutoka Virginia. Aliliandika katika vyumba alivyopanga kwenye nyumba ya mwashi wa matofali. Aliyemtumikia siku zile alikuwa mtoto wa miaka 14, jina lake Robert Hemings, naye alikuwa mtumwa wake. Wala hakuwa mgeni kwake. Kwa ushahidi wanaoukubali wanahistoria, Robert alikuwa ndugu wa baba mmoja na mke wa Jefferson. Tafakari, ndugu msomaji: kalamu yaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mtoto aliye mali ya mwandishi yumo humo humo akimhudumia.

Jefferson hakuwa kipofu. Katika rasimu yake ya kwanza alitia maneno makali ya kuilaani biashara ya watumwa, ingawa lawama yote aliitupa kwa Mfalme. Kongresi ikayafuta. Baadaye Jefferson mwenyewe alieleza kwamba yalifutwa kuwaridhisha wajumbe wa South Carolina na Georgia, na kwamba hata baadhi ya watu wa Kaskazini hawakuyapenda, kwa kuwa merikebu zao ndizo zilizowachukua watumwa hao. Kila mmoja alikuwa na sababu. Sababu kuu ilikuwa umoja: tusigawanyike mbele ya adui, jambo hili litangoja.

Likangojeshwa tena mwaka 1787, wajumbe 55 walipokutana Philadelphia kuandika Katiba. Walikubaliana kwamba katika kugawa viti vya wawakilishi, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, ili mabwana zao wapate viti zaidi. Walikubaliana kwamba Kongresi isipige marufuku kuingizwa kwa watumwa kabla ya 1808. Walikubaliana kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa mwenyewe. Na katika hayo yote, neno mtumwa hawakuliandika. Walitafuta maneno ya kulizunguka. Mtu akiona haya kulitaja jambo analolitenda, basi dhamiri yake imekwisha kumhukumu.

Wako watakaosema kwamba twawaonea wazee wale, kwamba walikuwa watu wa zama zao na hawakujua. Hoja hii hatuikubali, maana zama zao zenyewe zaikataa. Jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kuuondoa utumwa hatua kwa hatua mwaka 1780. Benjamin Franklin, aliyekuwa na watumwa katika maisha yake, aligeuka uzeeni. Mwezi Februari 1790 jina lake lilikuwa chini ya ombi lililopelekwa Kongresi kuomba utumwa ukomeshwe, na miezi miwili baadaye akafa. Mwaka 1791 Benjamin Banneker, Mwafrika huru wa Maryland aliyejifunza falaki kwa juhudi yake, alimwandikia Jefferson barua na kumkumbusha maneno yake mwenyewe ya 1776. Jefferson alimjibu kwa adabu. Watumwa wake akabaki nao. Na mwaka huo huo tajiri mmoja wa Virginia, Robert Carter, mtu wa tabaka lile lile la Washington na Jefferson, alianza kuwaacha huru watumwa zaidi ya 450. Walijua. Walilolikosa ni ujasiri wa kupungukiwa na mali.

Washington naye alijua. Alipokuwa Rais alikaa Philadelphia, katika jimbo ambalo sheria yake ilimpa uhuru mtumwa wa mgeni aliyekaa humo miezi sita. Basi aliwahamisha watumwa wake mara kwa mara kabla ya muda kutimia. Mwezi Mei 1796 mmoja wao, msichana Ona Judge, alitoka katika nyumba ya Rais wakati wenyeji wake wakila chakula, akapanda merikebu, akaenda New Hampshire. Rais aliyekataa taji alituma watu wamrudishe, na hakufaulu. Katika wasia wake Washington aliagiza watumwa wake 123 waachwe huru, lakini baada ya kufa mkewe. Hata yeye, aliyejua kuachia madaraka, hilo alitaka litendeke akiwa kaburini.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai, 1826, miaka 50 kamili baada ya tangazo lake, na Adams akafa siku hiyo hiyo. Watu wengi waliona katika tukio hilo mkono wa Mungu. Sisi twataka kuwakumbusha wafanyakazi jambo jingine, lililotukia miezi sita baadaye. Jefferson aliacha madeni ya zaidi ya dola 100,000. Mwezi Januari 1827 watu 130 walitangazwa kupigwa mnada shambani kwake Monticello. Kulikuwa na mhunzi mmoja, Joseph Fossett, fundi hodari, mmoja wa watano ambao Jefferson aliwaandikia uhuru katika wasia wake. Mkewe, Edith, ndiye aliyepika vyakula vya wageni wa Rais mjini Washington. Edith hakuandikiwa uhuru, wala watoto wao. Waliuzwa, na mwana wao Peter, mtoto wa miaka 11, akaenda kwa bwana mwingine. Deni la bwana mkubwa likalipwa kwa mke na watoto wa mhunzi. Fossett hakukaa kulia. Alifanya kazi, akasaidiwa na jamaa zake, akamnunua mkewe na baadhi ya watoto wake mmoja mmoja, kisha wakahamia Ohio. Twaona kwamba katika habari zote za jamhuri ile changa, maana ya uhuru mhunzi huyu aliijua kuliko marais.

Basi lile lililongojeshwa kwa ajili ya umoja lilifanya nini? Liliota mizizi. Mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni nne. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wajukuu wa wazee wale waliujenga kwa vita vya 1861 hadi 1865, vilivyoua askari zaidi ya 600,000, na umoja ambao kwa ajili yake haki iliahirishwa ukapasuka kwa sababu ya kuahirishwa huko. Utumwa ulifutwa katika Katiba yao mwaka 1865, yaani miaka 89 baada ya ahadi.

Wala tusinyoshe kidole tukadhani mikono yetu ni safi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakawa wageni wa kawaida Unguja. Walichukua pembe na sandarusi. Walileta nguo ile nyeupe ya pamba ambayo mababu zetu waliiita merikani. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini mwa nchi ile. Na hapa kwetu, miongoni mwa walioivaa walikuwamo watumwa wa mashamba ya karafuu. Jasho la mtumwa wa huko lilimsitiri mtumwa wa huku, na matajiri wa pande zote mbili wakahesabu faida. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaanza kuondolewa kisheria mwaka 1897.

Sasa twasema na wanachama wenzetu. Kila jambo la haki linapoahirishwa katika mkutano, aliyeketi kwenye kiti haumii. Aumiaye ni yule ambaye hakuitwa. Katika chumba kile cha 1787 hapakuwa na Joseph Fossett ye yote wa kusema kwamba hawezi kungoja. Kwa hiyo kila tusikiapo katika vikao vyetu kwamba jambo fulani ni la haki lakini wakati wake bado, tuulize: nani atakayeubeba mzigo wa kungoja, na je, yumo humu ndani? Kibarua wa miaka mitano asiye na mkataba, yumo? Mkulima aliyechukuliwa mazao yake kwa mkopo akaambiwa arudi mwezi ujao, yumo?

Tena tusiishie mikutanoni. Wako miongoni mwetu wanaosimama jukwaani na kunena habari za usawa mpaka sauti ikakauka, kisha wakarudi nyumbani kupokewa mzigo na msichana wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi miwili hawajamlipa, naye hula jikoni peke yake makombo ya mezani. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kwenda Philadelphia kumtafuta Robert Hemings. Anaye nyumbani mwake.

Wazee wa Marekani walitufundisha kwamba kiongozi aweza kuuacha ukubwa na nchi ikasimama. Kwa hilo twawaheshimu. Walitufundisha pia, bila kukusudia, kwamba ni rahisi zaidi kumnyang'anya mfalme mamlaka kuliko kujinyang'anya mwenyewe faida. Dawa ya deni ni kulipa. Mwanachama anayetaka kujua kama aiamini imani ya Chama chake na aanze jioni hii, kwa kumlipa anayemdai chini ya paa lake.